Mabaka na Wimbo wa Mateke

Mwalimu Valeria wa Oldeani hakuwa mtu wa kupendwa, na mwenyewe hakuwa na haja hiyo. Ulimi wake ulikuwa unakwaruza kama jani la msasa. Mzazi akichelewa kumleta mtoto shuleni, aliulizwa mbele za watu kama jogoo wa nyumbani kwake amekufa. Walimu wenzake walimpisha mlangoni. Lakini watoto wa darasa la kwanza walimganda kama ulimbo, na sababu ilikuwa moja tu: hadithi ya Mabaka.

Hadithi hiyo aliipata kwa mama yake, mwanamke wa Iramba huko Singida, aliyekuja kuchuma kahawa katika mashamba ya wazungu kabla ya uhuru na kuzalia mabinti wawili katika kambi ya vibarua. Mkubwa ndiye Valeria. Mdogo ni Leonida, ambaye hakusoma sana, akaolewa palepale kambini na kuendelea kuchuma kahawa ileile aliyochuma mama yao. Ndugu hawa walifanana kitu kimoja tu, nacho ni sauti. Tangu utotoni, mtu akiwa nje ya mlango hakuweza kujua ni yupi anayeimba.

Hadithi yenyewe ni hii. Punda mmoja aitwaye Mama Mgongo alifiwa na mtoto wake. Akiwa na maziwa yanayomuuma, akakuta mtoto wa fisi amelala kando ya mama yake aliyekufa. Akamnyonyesha. Punda wenzake wakanuna, wakamtenga, naye akamwita yule mtoto Mabaka na kumfundisha njia ya kwenda majini. Kila wakitembea alimwimbia:

*Mabaka, Mabaka, kanyaga nilipokanyaga,*
*maji yako mbali, mwanangu, kanyaga.*

Mabaka akakua. Ukaja mwaka wa ukame, na Mama Mgongo akazaa mtoto wa tumbo lake. Mabaka akamsogelea mdogo wake amnuse, mate yakamjaa mdomoni. Akaogopa. Akaondoka peke yake, akaenda mbali, na huko akawa analia kila jua linapozama. Ndiyo maana punda, hata akiwa amebeba mzigo mzito namna gani, hugeuza sikio moja nyuma.

Hapo darasa zima lilikuwa likiweka mkono sikioni na kunyamaza. Kulikuwa na watoto waliolia. Valeria aliwaacha walie.

Mwaka 1976 aliisimulia katika kipindi cha redio cha shule, na tangu hapo Mabaka akajulikana Karatu nzima, hadi Endabash ambako watu walikuwa hawamjui Valeria kwa sura. Miaka miwili baadaye Land Rover ikasimama mbele ya shule. Akashuka kijana mrefu mwenye miwani, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, akamwendea Valeria uwanjani.

"Shikamoo mama. Mimi naitwa Patrisi, natoka Dar es Salaam, kikundi cha sinema za watoto."

"Mimi si mama yako," alisema Valeria. "Nina jina na nina kazi."

Patrisi alicheka, akidhani ni utani. Kosa lake la kwanza. Akaeleza kwamba alisomea sinema Ulaya, na kwamba kikundi chake kilitaka kuifanya hadithi ya Mabaka kuwa sinema ya katuni, yaani wanyama wa kuchorwa wanaotembea na kuimba nyimbo tangu mwanzo hadi mwisho. Itakuwa ya kwanza ya namna yake nchini, alisema, na itazungushwa kila wilaya.

"Punda wa kuchorwa ataimbaje?" aliuliza Valeria.

Alikuwa ameshageuka aende zake, na angekwenda kweli, kama si mtu wa pili kushuka garini. Huyu alikuwa Damiano, mchoraji, mtu wa Mbulu, mnene na mkimya. Hakusalimia kwa maneno mengi. Alitoa bunda la karatasi alizochora njiani, akalikunja kwa kidole gumba na kuziachia karatasi ziruke mojamoja mbele ya macho ya mwalimu. Punda akainua kichwa. Sikio lake moja likageuka nyuma.

Valeria alitazama karatasi, kisha akamtazama Damiano.

"Rudia."

Damiano akarudia mara nyingi mpaka kengele ya mapumziko ikalia. Ndivyo Valeria alivyokubali. Na tangu siku ile hadi mwisho, Damiano ndiye mtu pekee katika kundi lile ambaye Valeria hakumtukana.

Kazi ikaanza. Katibu kata, Rafaeli, aliwapa ghala la kahawa ambalo kwa miezi ile lilikuwa tupu. Wakatundika magunia kutani ili sauti isiruke, wakaweka mashine ya kunasia sauti katikati. Wanawake wa kambini wakaitwa kuwa kwaya ya punda, Leonida akiwa mstari wa nyuma. Valeria mwenyewe akawa Mama Mgongo. Patrisi alikuwa na mpiga gitaa na mpiga marimba, na wimbo wa "Kanyaga" ulipopigiwa vyombo hivyo, hata Rafaeli, aliyekuja kukagua tu, alionekana akitikisa mguu.

Lakini hakukupita siku bila ugomvi. Patrisi alitaka Mama Mgongo aimbe kwa furaha. Valeria alisema mtu anayetafuta maji kwa miguu hana furaha, ana kiu. Patrisi akasema yeye ndiye mwongozaji. Valeria akamwambia aongoze basi, haraka, kwa maana ana madaftari ya kusahihisha. Wanawake wa kwaya waliziba midomo kwa khanga. Patrisi hakucheka tena.

Ikafika siku ya kwenda Ngorongoro ili Damiano achore punda wa kweli na fisi wa kweli. Valeria alikwenda nao. Walipanda kwenye ukungu, wakafika boma moja la wafugaji ambako mwanamke aitwaye Namunyak alikuwa akiwafungia punda wake madebe ya maji. Damiano akakaa juu ya jiwe na kuanza kuchora. Namunyak akauliza wageni hawa wanataka nini, na Valeria, akiwa na moyo mweupe siku ile, akamsimulia Mabaka tangu mwanzo.

Namunyak alisikiliza huku mikono yake ikiendelea na kamba. Hadithi ilipokwisha, alitema mate pembeni.

"Wewe mwalimu, nafuga punda?"

"Sifugi."

"Ndiyo maana. Juzi fisi nakula mtoto ya punda yangu, nakula kutoka nyuma, mama yake iko hapo naangalia. Sasa wewe nasema punda nanyonyesha yeye? Hii hadithi ya mtu ambaye hana kitu." Akampiga punda wake kofi la mgongo, akaondoka naye.

Valeria aliona haya, na haya kwake iligeuka hasira upesi kuliko maziwa yanavyochacha. Lakini Patrisi alikuwa anang'aa uso. Njiani wakirudi, aligeuka kutoka kiti cha mbele.

"Umesikia, Ndugu Mwalimu? Huyo ndiye mwananchi. Fisi ni mnyonyaji. Tunawafundisha watoto wetu kumwonea huruma mnyonyaji? Mwisho lazima ubadilike. Punda wanaungana, wanamzunguka Mabaka, wanampiga mateke mpaka anakufa. Wimbo wa shangwe. Sinema inaisha."

"Simamisha gari," alisema Valeria.

"Tuko msituni."

"Nimesema simamisha."

Dereva akasimamisha. Valeria alishuka, akatembea peke yake kwenye barabara ile yenye kinyesi cha tembo, Land Rover ikimfuata polepole kama mbwa aliyefukuzwa. Damiano alishuka akatembea nyuma yake. Ukungu ulipozidi, Valeria alirudi garini, akakaa, akafumba macho hadi Oldeani.

Siku ya kunasa wimbo wa mwisho, Patrisi aligawa maneno kwa kwaya:

*Teke la kwanza, teke la pili,*
*mnyonyaji hana mahali!*

Valeria aliisoma karatasi yake, akaikunja, akaiweka juu ya mashine.

"Siimbi huu."

Patrisi alisema hadithi si ya mtu mmoja, ni mali ya umma. Valeria akamwuliza umma gani ulimlea Mabaka. Rafaeli akaitwa. Alikuja na kofia yake mkononi, akazungumza kwa upole ambao kila mtu Oldeani alijua maana yake. Alisema wapo watu walioletwa hapa na kahawa tu, hawana mizizi, wamepewa shule na kazi, na sasa wanapinga maendeleo. Alisema mwalimu anaweza kuhamishwa, akapelekwa mbali porini, Arash kwa mfano, akawasimulie fisi huko huko waliko.

"Nihamishe," alisema Valeria. "Lakini utanikuta Arash sijaimba."

Akatoka. Katika kwaya hakuna hata mmoja aliyemwangalia.

Asubuhi iliyofuata alikuwa akienda shuleni kwa njia ya ghala. Alipokaribia, alisimama ghafla, akashika ukuta. Ndani ya ghala alijisikia mwenyewe akiimba. Ilikuwa sauti yake, pumzi yake, hata ule mkwaruzo mdogo mwisho wa mstari. *Teke la kwanza, teke la pili.* Aliusukuma mlango. Leonida alikuwa amesimama mbele ya mashine, mahali pa dada yake, shingo ameinyoosha.

Wimbo ukakatika. Patrisi akasema, "Mwalimu, tunanasa sauti hapa."

Valeria hakumjibu yeye. "Leonida. Unamwua mtoto wa mama?"

"Naimba wimbo, dada," alisema Leonida. Hakushusha macho. "Maisha yangu yote nimesimama mstari wa nyuma. Leo nimeitwa mbele. Wewe nenda ukafundishe."

Valeria akaenda akafundisha. Siku ile watoto walichapwa kwa makosa ambayo siku nyingine yasingeonekana.

Tangu hapo ndugu hawa hawakusemezana. Vita vya Kagera vikazuka, magari yakachukuliwa, sukari na sabuni vikaadimika, na habari za sinema zikafifia. Kwenye foleni ya duka la ushirika walisimama wameachiana nafasi ya watu watatu, na watu hao watatu walijua hawapaswi kuhama. Leonida alijifungua mtoto wa kike, na Valeria akatuma unga kwa mkono wa jirani. Unga ukarudi. Valeria akaumwagia kuku. Rafaeli hakumhamisha, ila kila mkutano wa kijiji alipata nafasi ya kutaja "wale wenye huruma na mafisi", na watu wakageuza shingo kumtazama Valeria.

Sinema ilifika mwaka 1981, wakati hakuna aliyekuwa akiitegemea tena. Gari la sinema liliingia Oldeani mchana, madirisha ya ghala yakazibwa kwa mablanketi, shuka kubwa likatundikwa. Walikuja watu wa kambini, wa kijijini, wengine kutoka Karatu. Patrisi hakuja, wala Damiano. Valeria alikaa na darasa lake mbele, kwa sababu kukaa nyumbani kungekuwa kuwapa watu raha.

Taa ya mashine ikawaka. Naye, pamoja na chuki yake yote, alizuia pumzi. Damiano alikuwa amefanya kazi. Mlima ulikuwa Oldeani, ukungu ulikuwa ule wa Ngorongoro, madebe yalikuwa ya Namunyak. Mabaka alikuwa na miguu inayojikwaa na masikio makubwa kuliko kichwa, na alipoanza kunyonya, ghala zima lilisema "Oooh!" kwa pamoja. Kisha Mama Mgongo akafungua kinywa, na sauti ya Valeria ikatoka humo, kubwa, nzuri, ikijaza ghala hadi kwenye mabati. Watoto waligeuka kumtazama kana kwamba ameota masikio marefu. Wakaimba naye "Kanyaga". Wazazi waliokuwa wakimkwepa wakaimba pia.

Ukaja mwisho. Punda wakazunguka. Mama Mgongo, kwa sauti ileile, bila mshono wowote ambao sikio lingeweza kuushika, akaimba teke la kwanza, na ndiye aliyelipiga.

Watoto wakaruka. Walipiga makofi, wakapiga miguu chini, darasa lake lote, hata wale waliokuwa wakilia mwaka hadi mwaka. Vumbi la ghala likapanda likacheza ndani ya mwanga wa mashine. Valeria akasimama.

"Hiyo si sauti yangu! Jamani, hiyo si sauti yangu!"

"Keti, Mwalimu, hatuoni!" mtu alipiga kelele nyuma, na kivuli cha kichwa cha Valeria kilikuwa kimesimama katikati ya shuka, juu ya mgongo wa Mabaka anayekufa.

Nje, watu walimpongeza. Hilo ndilo lililomchoma kuliko matusi. Walimshika mkono, wakasema, "Umemkomesha, Mwalimu!" Alipowasukuma na kuvuka uwanja, Leonida alikuwa amesimama kando ya bomba la maji na mwanawe mgongoni. Hakuna aliyempongeza yeye. Hakuna aliyejua.

"Umeridhika?" alisema Valeria. Yalikuwa maneno ya kwanza baina yao kwa miaka mitatu.

"Nitaridhikaje? Wamekupa wewe na huo pia."

"Uchukue! Mimi siutaki. Mama angekusikia leo angekulaani. Mabaka hakuuawa. Mama hakumwua kamwe."

Leonida akacheka kicheko kikavu. Akamkaza mtoto mgongoni, akasogea karibu, wanawake wenye ndoo wakarudi nyuma.

"Mama yupi? Wewe ulikuwa chuo cha ualimu, dada, unalala kwenye shuka. Mimi ndiye niliyebaki kambini mwaka ule baba alipokwenda Mang'ola kuvuna vitunguu na kupata nyumba nyingine hukohuko. Mama alinisimulia Mabaka kila siku mwaka mzima, na kila siku alimwua. Punda walimzunguka wakampiga mateke. Patrisi alipoleta wimbo wake mimi sikushangaa hata kidogo. Nilidhani hatimaye kuna mtu aliyemsikia mama."

"Mwongo wewe."

"Haya. Mimi ni mwongo. Wewe ndiye mwenye mama."

Valeria aliinua mkono ampige, akaona mtoto mgongoni, akaushusha.

Juma lililofuata watoto walidai hadithi. Aliwasimulia kama siku zote, mpaka Mabaka akaondoka peke yake. Hakuna aliyeweka mkono sikioni. Msichana mmoja, Seenoi, akasema, "Mwalimu, fisi aliuawa."

"Nani kakuambia?"

"Wewe. Kwenye sinema."

Valeria alitafuta jibu, akaliona moja tu. "Nilidanganya," alisema. Watoto wakamtazama kwa mashaka, kwa sababu waliyaona mateke kwa macho yao. Mwaka uliofuata aliomba apewe darasa la nne, akaacha kusimulia.

Leonida na mumewe walirudi Singida mwaka 1984, kwenye shamba la ukoo wa mume. Valeria alisikia kwa majirani. Alipata lifti ya trekta hadi Karatu, akamkuta mdogo wake ameshakaa ndani ya basi la Arusha, dirisha wazi.

"Sikuja kukuaga," alisema Valeria kutoka chini. "Nataka kujua. Alipomwua, alikuwa anaimba nini?"

Utingo akapiga ubavu wa basi, Leonida akaegemea dirishani. "Kanyaga," alisema. "Uleule wimbo wa njiani. Aliimba akilia. Siku ile bombani sikukuambia hilo, kwa makusudi."

"Na leo unaniambia kwa nini?"

"Ili ubaki nalo wewe. Mimi nimelibeba vya kutosha." Akavuta kioo, basi likaondoka na vumbi lake.

Valeria hakumwandikia, wala Leonida hakuandika, miaka ikapita. Alifundisha darasa la nne mahesabu, na kila alipomsikia mwalimu mpya wa darasa la kwanza akisimulia Mabaka ng'ambo ya ukuta, pamoja na mateke yote na watoto wakishangilia, alipaza sauti ya kugawanya mpaka wanafunzi wake wakaangaliana.

Mwalimu huyo mpya alikuwa binti wa Endabash aitwaye Natalia. Siku moja baada ya masomo aligonga mlango wa Valeria, akasimama kizingitini kama mtu aliyeonywa.

"Shikamoo Mwalimu. Wimbo wa mateke naujua. Ule wa kwanza, wa njiani, nilikuwa mdogo tulipoona sinema. Nimeusahau katikati."

Valeria alishika mlango aufunge. Binti hakuondoka.

"Ingia. Na huo mlango ufunge."

Akaimba mistari miwili, kwa sauti iliyokwisha kukauka. Natalia akauliza, kwa woga, kama kweli mwalimu alipenda mwisho mwingine, maana watu wanasema hivyo.

"Mama yangu alikuwa na miisho miwili," alisema Valeria. "Huu wa mateke ulinipita. Utachagua mwenyewe, hilo si kazi yangu. Kazi yangu ni wimbo. Imba."

Natalia akaimba.

"Si hivyo. Unaimba kama mtu aliyekunywa maji. Anza upya."